Oili Inayotiwa kwa Siri Katika Injini ya Boti ya Kanisa

Kwako Shemeji Naezon, Mwenyekiti wa Kamati ya Boti,

Nakuandikia kwa sababu mila hainiruhusu kumfokea shemeji usoni, na karatasi haina uso. Nasikia Alhamisi kamati itaing'oa injini ya boti kwa kosa la moshi, na Jumamosi kwaya ya akina mama itapiga makasia mpaka Seghe kwenye mashindano ya uimbaji. Watafika wameimaliza pumzi yote. Injini haina kosa, shemeji. Wenye kosa ni waumini.

Injini zetu za zamani zilikuwa watoto wachanga: uliwachanganyia oili na petroli mwenyewe ndipo wanywe. Hii, ijapokuwa ina miaka thelathini, ina tangi lake la oili na pampu ya kujipimia. Lakini kijiji hiki hakiamini chochote kisichosaidiwa. Nalalamika hivi:

1. Shangazi Merlyn nimemfuma akimimina kikombe cha oili kwenye petroli. Akanijibu, "We mwanangu, umeona wapi mtoto akajipikia? Nimeionea huruma tu."

2. Mchungaji naye hutia chake baada ya sala. "Mwalimu, imani ninayo, ila kuogelea sijui," akasema, akacheka mpaka mfuniko wa tangi ukamponyoka ukazama. Naudai mfuniko huo.

3. Wewe. Nimeikuta chupa yako chini ya kiti cha mbele. Sisemi zaidi, kwa heshima ya dada yangu uliyemwoa.

4. Kwa sababu ya vikombe hivyo vitatu, plagi zimekuwa nyeusi tii, na akina mama hushuka sokoni wakinuka kama samaki wa kubanikwa. Wiki iliyopita mteja alimwuliza mke wangu yeye anauzwa kilo bei gani.

5. Tangu Pasaka tangi la oili halijapungua hata unene wa ukucha. Nionyesheni Mkristo mwenye kiasi namna hiyo! Pampu huona petroli imeshatiwa oili, ikafunga kinywa kwa adabu. King'ora chake kililia wiki tatu. Wajinga wakasema ni hitilafu. Hitilafu gani? Kilikuwa kinasema, "Basi jamani, nimeshiba!" Nikakikata waya, maana hoja iliyoeleweka haina haja ya kurudiwa.

Kwa hiyo nataka chupa zote za oili zikabidhiwe kanisani kabla ya Alhamisi. Atakayekutwa na oili ufukweni aungame mbele ya watu. Na pampu ipewe kiti kwenye kamati, kwa kuwa ndiyo pekee kati yetu inayojua kipimo. Kama viti havitoshi, ipewe chako.

Nisalimie dada, watoto wote, na mama mkwe wako, ambaye ni mama yangu na anakupenda wewe zaidi.

Nikuheshimuye kwa mbali,
Mwalimu Jorim Kavo

Baada ya sahihi: Fundi Ezron amepita sasa hivi, nikamwomba aifungue pampu aone ubora wake. Gia yake ya plastiki imekatika meno yote. Tangu Pasaka pampu haijasukuma hata tone. Anasema king'ora kilikuwa kinalia njaa, na bila ile oili ya siri injini ingeshaungua zamani, kwaya ikiwa ndani. Kikombe kimoja kwa kila tangi la petroli kinatosha, na moshi utaisha. Tafadhali waambie wanakamati wasiing'oe injini. Pampu ya injini ya umri huu haitengenezwi tena. Fundi amependekeza mahali pake tumfunge Shangazi Merlyn.