Bluzi Yangu Imeleta Matanga

Jamani, leo nimeaibika nyumbani kwangu mwenyewe, nimekaa juu ya mkeka wangu mwenyewe.

Mnaonijua mnajua napiga gita kwenye kwaya ya kigango chetu huku Mtua, Nachingwea. Msichojua ni kwamba siku zangu mbaya huwa napiga bluzi. Ule muziki wa Wamarekani weusi, wa mtu kulalamika mpaka moyo upoe. Nilijifunza kwenye simu. Ila mimi ni Mkristo, kwa hiyo nina utaratibu wangu: beti tatu namlilia Mungu, ubeti wa nne namshukuru. Lazima nimalizie kwenye tumaini. (Ukumbukeni huo ubeti wa nne. Leo ningeufikia mapema nisingekuwa hapa nawaandikia.)

Sasa, jana mke wangu, mama Flora, kabeba mtoto na begi kaenda kwao Ruangwa. Hatukugombana. Ni kunguni. Alinisogelea mlangoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Flora, ua hao wadudu. Wakiisha nipigie, nirudi. Na mtu yeyote hapa mtaani akijua tuna kunguni, mimi sirudi. Nitaishi kwa mama."

Mke wangu hatanii. Kwa hiyo leo nimeamka mapema, nikafanya kazi kimyakimya. Nimetoa makochi. Nimetoa kitanda, magodoro, meza, mpaka kabati la vyombo. Vyote nje, juani! Nikaazima bomba la kupulizia mikorosho, nikaingia ndani, nikapuliza dawa kila ufa. Kitambaa cha kujifunga usoni nikasahau. Nimetoka humo macho mekundu, machozi yanatiririka, kamasi ndiyo usiseme. Na simu nimeisahau ndani.

Nikatandika mkeka barazani, nikachukua gita. Nyumba tupu, mke hayupo, macho yanawaka. Nikasema, hii ndiyo siku yenyewe ya bluzi.

"Nimeamka leo, Bwana, sina hata pa kulala!
Nimeamka leo, ee Bwana, sina hata pa kulala!
Mama Flora kaenda kwao, nitashika mkono wa nani?"

Naimba kwa kulia hasa, maana bluzi bila kulia hainogi. Ubeti wa pili nikapandisha sauti. Wa tatu nikafumba macho, nikairefusha ile "Oooooh Bwana" mpaka pumzi ikaisha.

Nikasikia mtu kanijibu kwa yowe!

Nafumbua macho, namwona Mama Teodora, jirani yangu na mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kasimama uani, mikono kichwani. Anaangalia makochi nje. Anaangalia mkeka. Anaangalia macho yangu. Na huku kwetu, vyombo vikishatolewa nje na mtu akakaa chini analia, hakuna anayeuliza mara mbili. Huo ni msiba.

"Deo mwanangu! Ndiyo maana mama Flora kaondoka jana mbiombio! Mama yake katutoka!"

"Hapana, mama. Hajafa mtu."

"Ndivyo inavyoanza, baba. Moyo unakataa."

"Kweli, mama, nafanya usafi tu."

"Usafi gani wa kulia?"

Hapo, ndugu zangu, nilikuwa na neno moja tu la kuniokoa, na neno lenyewe ni kunguni. Nikimwambia mwenyekiti wa jumuiya, kabla ya mchana Mtua nzima inajua, na mke wangu harudi. Nikainamia gita langu. Yeye akaona huo ndio uchungu wenyewe, akatoka mbio kuita watu.

Muda si mrefu ua umejaa. Akina mama na unga wa muhogo, na masufuria. Bakari, jirani yangu wa bodaboda, Mwislamu, kashusha mzigo wa kuni akanishika bega: "Pole sana, ndugu yangu. Tupo." Akina mama wakataka kuingia ndani wakae. Nikaruka mlangoni, nikatanua mikono.

"Msiingie! Nawaomba, msiingie humu!"

Mmoja akanong'ona, "Kwani mwili wameshauleta?"

Vilio vikaanza upya. Ikafuata rozari. Mama Teodora akamwombea "mama yetu wa Ruangwa, mwanamke mpole asiye na maneno." (Mama mkwe wangu? Asiye na maneno? Hapo ndipo nilipoamini wanamzungumzia marehemu.)

Lakini niseme ukweli, nilifarijika. Asubuhi nilimuuliza Mungu nitashika mkono wa nani. Sasa mikono iliyonishika ilikuwa mingi mpaka gita likakosa pa kukaa. Nikalia. Safari hii haikuwa dawa.

Basi, ndiyo tuko katikati ya sala, gari likasimama barabarani. Kashuka mama Flora. Nyuma yake kashuka mama mkwe!

Kumbe bodaboda mmoja aliyetoka huku alimwambia mke wangu kule Ruangwa kwamba nyumbani kwake kuna msiba. Kupiga simu yangu, haipokelewi. Akajua aliyekufa ni mimi. Mama mkwe anakuja mbio, khanga kiunoni, anaomboleza: "Mkwe wangu jamani! Mtaratibu kama nini!" (Na mimi nimesifiwa. Mnaona?)

Mama Teodora alipomwona marehemu anakimbia kuja kwake, rozari ikamdondoka. Akina mama wakatawanyika. Bakari kajificha nyuma ya kochi. Mama mkwe naye akaniona nimesimama mlangoni na gita, akapiga ukelele kuliko wote.

Kisha akasimama. Akaniangalia. Akajiangalia.

"Wewe mzima. Mie mzima. Sasa nani kafa hapa?"

Nikamtazama mke wangu. Anatikisa kichwa polepole: usiseme, usiseme. Nikawatazama watu, na unga wao, na kuni zao. Nikashindwa kuwadanganya tena.

"Kunguni, mama."

Mke wangu akajifunika uso kwa kitenge. Bakari akaruka kutoka nyuma ya kochi anakung'uta shati. Nikasema basi, nimekwisha, ndoa imeenda.

Ndipo Mama Teodora akanisogelea, akauliza taratibu, "Deo, hiyo dawa umenunua duka gani?"

"Na mimi nielekeze," akasema mwingine.

"Na mimi," akasema Bakari, bado anajikuna.

Kumbe wote! Mtaa mzima tunajikuna kwa siri! Mama Flora kitenge kikamdondoka, kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nikakaa pembeni yake.

Nikawaeleza na habari ya bluzi yangu iliyokatizwa, mama mkwe akaninyooshea kidole. "Na huo wimbo uliotutoa Ruangwa, umalize."

Nikaupiga ubeti wa nne, na jumuiya ikaitikia:

"Hata leo pabaya, Bwana hajanihama!
Hata leo pabaya, ee Bwana, hajanihama!
Ataniinua mimi pamoja na godoro langu!"

Unga ulikuwa umeshafika, kwa hiyo ugali umepikwa na umeliwa. Mke wangu hajaondoka tena. Mama mkwe naye yupo, anasema atakaa mpaka ahakikishe wamekwisha.

Haya, cheka. Ila inua godoro lako kwanza, ndiyo ucheke.