Batiki Niliyoazimwa na Parto

Jumatatu Legi, tarehe 6 Julai

Maprofesa wameingia mji wetu wa Yogya, hapa Java. Mia mbili! Mkutano wa siku tano pale chuoni, mambo ya lugha, mila na vitu vya kale. Sisi waendesha becak kumi na wawili, zile baiskeli za magurudumu matatu zenye kiti cha abiria mbele, tutawatembeza Alhamisi. Kila mmoja kapewa mfuko, ndani kalamu na daftari. Wenzangu wamewapa wajukuu. Mimi naandika. Shule nilikaa miaka mitatu tu, lakini herufi zote ninazo. Mpangilio ndio hugoma.

Sasa jambo lenyewe. Becak ya mbele ndiyo yenye heshima. Mwenye nayo huingia na wageni ndani ya kasri la Sultani, hupigwa nao picha. Miaka mitatu sasa ni Parto. Parto! Anakanyaga pedali kama anapita juu ya mayai. Mimi nimeegesha nje ya lile lango miaka arobaini, na mke wangu Giyem nimemwapia tangu tuoane kuwa kule ndani nakujua kama jikoni kwake. Mwaka huu picha lazima ishuhudie.

Jumanne Pahing, tarehe 7

Nimemmaliza Parto! Kwa hesabu!

Nilichukua siku aliyozaliwa, nikaijumlisha na siku ya msafara, Alhamisi, ambayo ni Wage kwa kalenda yetu ya Kijava ya siku tano, kama wazee walivyotufundisha. Mara ya kwanza ikatoka heri. Nikarudia. Heri tena. Mara ya tatu ikatoka balaa, nikaacha hapohapo.

Nikamkuta kwenye gari la mama muuza chai, Bu Tumirah, nikamweleza mbele za watu kuwa akiongoza Alhamisi atavunjika mguu. Alikoroga chai yake ya tangawizi polepole. Akasema inggih, ile ndiyo yetu ya adabu, inggih, Kang Karyo. Inggih. Basi ongoza wewe. Mara tatu kakubali! Bila ugomvi! Bu Tumirah akageukia birika, mabega yanamtikisika. Kikohozi, nadhani.

Tena Parto akasema kiongozi hawezi kuvaa hivihivi. Ana batiki ya parang ya kujifunga kiunoni, ile ya mistari mipana ya mshazari, ataniazima. Kaka yake, mlinzi wa lango la kasri, alikuwepo anakula wali. Akaniambia nikiivaa hiyo, langoni hawatanisahau.

Jumatano Pon, tarehe 8

Batiki imefika, imepigwa pasi. Giyem kaitazama, kasema, Pakne, baba watoto wangu, Parto huyuhuyu ambaye hajawahi kukuazima hata njiti ya kiberiti? Nikamwambia wanawake hawaelewi watu wakubwa wanavyostahiana.

Jioni, hafla ya maprofesa kufahamiana. Sisi tulikuwa nje tukisubiri kuwarudisha hotelini. Nilichungulia. Kumbe kufahamiana ni kugawana vikaratasi vyenye majina! Mtu haongei mpaka akupe kikaratasi. Nikachana kurasa nne za daftari hili, nikaandika KARYO KIONGOSI, nikaingia nikigawa. Bu Retnaning wa kamati alinishika mkono akanitoa, kwa adabu sana, lakini vikaratasi kumi na moja vilishapokelewa. Kimoja kakichukua mama mzee kutoka Manila, Profesa Macaraeg, msomi wa vitambaa. Kasema kesho atapanda kwangu. Jina langu linakwenda Manila!

Alhamisi Wage, tarehe 9

Siku ya ushindi, isipokuwa mwishoni.

Mimi mbele, kumi na moja nyuma. Kengele! Watu wanageuka! Profesa Macaraeg kiti cha mbele, lakini yeye hatazami mji, anageuka kutazama nguo yangu. Akauliza, Bapak, una hakika unaingia nayo hiyo? Nikamjibu, Bu, hiyo ndiyo itakayoniingiza.

Langoni kaka yake Parto akaunganisha viganja, akainama mpaka nikaona haya. Samahani, Mbah Karyo. Parang ni ya ukoo wa Sultani. Mtu mwingine haingii nayo, tangu enzi za mababu.

Nikasema basi navua. Akachungulia chini ya nguo. Kaptura ya kuchezea mpira, ya mjukuu wangu, namba kumi. Akasema hiyo nayo mababu hawakuizungumzia, lakini anakisia wangeikataa.

Nani aingie na wageni? Parto. Bahati ya mtu huyo! Chini ya kiti alikuwa na batiki nyingine ya kawaida, imekunjwa tayari. Mimi nikabaki nikilinda becak kumi na mbili.

Profesa alipotoka akaninong'oneza kuwa aliyeniazima ile nguo alitaka nibaki nje. Nilimhurumia. Kusoma sana huharibu imani ya mtu.

Jumamosi Legi, tarehe 11

Picha zimekuja, nakala moja kila mtu. Giyem kavaa miwani, kaitafuta sura yangu kuanzia kulia hadi kushoto. Uko wapi, Pakne? Nikamwonyesha. Nyuma ya Parto lango liko wazi, na mbali kule barabarani, kati ya becak mbili, kuna kisogo. Kinundu cha kisogoni cha kilemba changu cha Kijava! Kinaonekana vizuri kabisa!

Alicheka mpaka akaweka chini kikapu cha wali. Kasema, miaka arobaini unajua ndani kama jikoni kwangu, basi leo jikoni kwangu nako kalie mlangoni. Nimekula mlangoni. Nimemweleza kuwa picha imepigwa ndani, mimi nimo kwenye picha, hesabu hiyo ajumlishe mwenyewe. Nimeitundika.

Jioni nimemrudishia Parto batiki. Kaomba radhi, inggih nyingi hata sikuzihesabu. Mtu mwema, ila si mwerevu. Ameniambia anayo nyingine nyumbani, parang kubwa kuliko zote, ambayo kwa kawaida huivaa Sultani mwenyewe.

Nimemwambia aniwekee hiyo kwa mwaka ujao.