Uzinduzi wa Chumba cha Faragha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, ambaye pia ni mimi, ila leo nimemkalisha shemeji yangu kwenye kiti hicho. Waheshimiwa wadau wa afya, wauguzi, wazazi, na ninyi vijana mliokuja kutibiwa mkajikuta mmo haflani: itifaki imezingatiwa. (Shemeji anapiga makofi.)

Ndugu zangu, zahanati yetu hupokea wasichana wenye macho yaliyovimba, wengine wana mimba au magonjwa wasiyothubutu kuyataja, na kila mmoja akiulizwa hujibu neno moja tu: "Nilianguka." Ofisi yangu sikivu ilifanya utafiti shirikishi, ikawahoji wakiwa wameketi kando ya wapenzi wao, na asilimia mia moja wakathibitisha kwamba wanapendwa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa data, tuliona kwamba tatizo ni sakafu, tukaagiza mazulia yasiyoteleza. (Muuguzi mmoja anacheka. Mheshimiwa anamkazia macho.)

Dada huyo ndiye aliyenifuata ofisini akaniambia, "Mheshimiwa, sakafu haina vidole, na shingo ya binti mmoja niliyempokea leo ina alama za vidole. Nipe chumba chenye mlango, niongee naye bila mpenzi wake kusikia." Nami, kama mzazi, niliguswa, nikaunda kikosi kazi, nacho kikaunda kamati ndogo.

Na binti mwenyewe namwona pale kwenye benchi la mbele, mkono umefungwa bandeji, na kijana wake amemshikia simu. Huo ndio upendo. Mwanangu, umepatwa na nini? (Binti anamtazama kijana kwanza. "Nilianguka, baba.") Mmesikia wenyewe.

("Mheshimiwa," anasema muuguzi, "akitoka hapa na huyo, sijui kama nitamwona tena. Naomba ufunguo wa chumba.")

Subira, dada. Kwanza kaulimbiu. Nikisema "Faragha", itikieni "Mbele ya wote". Faragha... (Shemeji anaitikia peke yake.)

Nihitimishe kwa kuwashukuru wote mliofanikisha uzinduzi huu wa kihistoria wa wazo la chumba. Mchoro umekamilika, jengo linatafutwa, na mlango mnaouona nyuma ya utepe umechorwa ukutani kwa ustadi mkubwa. Tafadhali msiusukume, rangi haijakauka. Nawe kijana, asante kwa uvumilivu wako. Waweza kumchukua mwenzako mwende nyumbani.

(Kijana anasimama. Binti habanduki kwenye benchi.)