Namba ya Kupiga Kiu Ikizidi

Jumatatu, 3 Machi

Leo mume wangu ametimiza siku kumi na moja hajagusa pombe. Namshukuru Mungu. Na leo ametimiza siku kumi na moja akimpigia simu mwanamke. Hapo sijui nimshukuru nani.

Karatasi ya zahanati ameibandika kwenye mlango wa kabati. Kula ushibe kabla ya saa ulizozoea kunywa. Usipite njia ya baa. Usiweke chupa nyumbani. Kiu ikija, kunywa glasi nzima ya maji, shughulisha mikono, subiri nusu saa. Mpaka hapo sina neno. Halafu la mwisho, limepigiwa mstari: kiu ikizidi, mpigie msaidizi wako. Msaidizi wake ni nesi. Nilimchungulia kwenye dirisha la zahanati, yeye hanijui. Ana mwanya.

Jioni kiu ilimkuta uani anapiga randa mguu wa meza. Akaweka randa chini, akachukua simu, akaenda nyuma ya tangi la maji. Dakika ishirini na mbili. Akarudi anatabasamu, akaomba chai.

Miaka tisa nimelia, nimenuna, nimemfichia viatu. Hakupunguza hata funda. Huyu anasema haloo tu. Roho inaniuma, sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Tena Jumamosi maseremala wenzake wanamaliza kazi ya madawati na lazima wajipongeze. Siku kama hiyo ndiyo humwangusha kila mara. Nataka aivuke. Ila aivuke kwa mkono wangu.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nilimwambia mimi ndiye mke, kiu ikizidi anipigie mimi. Alijikuna kichwa, akakubali. Nikashona nikiimba.

Saa sita akapiga. Akasema imekuja, tena kali. Nikamuuliza yuko wapi. Yuko na nani. Kiu gani hiyo ya saa sita na uji amekunywa bakuli mbili? Kwa kuwa tayari tulikuwa hewani, nikamkumbusha bawaba ya mlango wa choo, tangu mwaka jana. Na siku ya harusi ya dada yake, alivyokaa juu ya keki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba sasa imezidi maradufu. Akakata.

Nikapiga. Simu yake inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Nikashona mkono wa shati la mteja kwenye tundu la shingo. Nimefumua mpaka macho yameuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata akili. Badala ya kubahatisha anamwambia nini, nikasikie mwenyewe. Nikachukua laini yangu ya pili, ya wateja wa cherehani, nikampigia nesi kwa namba ya kwenye karatasi, nikamwambia mimi ni mwanamke mlevi. Akauliza nakunywa kiasi gani. Nikasema chupa tatu kwa siku. Nikaona ni chache, asije akanipuuza, nikapandisha mpaka sita. Mimi, ambaye hata harufu yake hunitapisha.

Nilikuwa nasubiri ajikwae, alete maneno matamu. Akaniuliza nimelalaje. Basi. Tangu nizae kifungua mimba hakuna aliyewahi kuniuliza nimelalaje. Nikajikuta namweleza mgongo, mama mkwe, wateja wanaodai nguo ya Ijumaa siku ya Jumatano. Dakika arobaini. Mwishoni nalia. Akasema nina moyo wa kijasiri, kesho nihudhurie kikundi cha akina mama.

Mbaya zaidi, nimempenda. Na sasa wivu ni wa pande mbili. Upole wote ule mume wangu anaupata kila siku na hajawahi kunimegea.

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilienda. Nia yangu ilikuwa moja: nione kama ule mwanya huwa anautoa kwa kila mtu au ni kwa mume wangu tu. Anautoa kwa kila mtu. Hata kwa mlinzi wa getini.

Kila mama alisimama akataja siku alizokaa bila kunywa. Hesabu yangu ya kweli ni miaka thelathini na nne. Nikasema siku mbili. Wakanipigia makofi, nikahisi joto la aina yake. Halafu akasimama muuza mkaa. Siku sitini! Kapewa makofi ya kusimama na kikombe kipya. Kikombe hicho sikuacha kukitazama. Ametumia ujanja gani huyo, sitini zote?

Nimepewa kadi. Jina langu, chupa sita kwa siku, siku mbili. Nimeificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Mume wangu alifungua droo akitafuta futi yangu. Akaikuta kadi. Nilimkuta amekaa kitandani ameishika kwa mikono miwili.

Nilidhani atacheka. Akalia. Akaniomba msamaha. Akasema alilewa kiasi kwamba hakuona mama wa watoto wake anazama naye. Chupa sita, akarudia. Akauliza nilikuwa nazificha wapi. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Lakini ukweli ulikuwa kwamba nimempeleleza kwa sababu ya mwanya wa mtu. Nikaufunga.

Saa tisa wenzake wakaja kumchukua, wameshaanza kuchangamka. Aliwaambia mlangoni kwamba hatoki, ana mgonjwa ndani. Wakamtania sana. Hakutoka. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani yangu mpaka jioni, ananiletea glasi ya maji kila nusu saa, ananipa vifungo nivipange kwa rangi ili mikono isikae bure. Simu ya kumpigia nesi hakuigusa hata mara moja.

Nimeenda chooni mara tisa, na mara zote tisa kwa furaha. Bawaba ameitengeneza.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yake ya kumi na nane. Yangu ya sita. Ametupa spiriti yangu ya kusafishia cherehani, na dawa ya mtoto ya kikohozi ameifungia juu ya kabati. Alipoamka akaniuliza nimelalaje. Nilikaribia kuungama hapo hapo. Nikafikiri: nikipona leo, yeye atashikilia nini? Acha niugue kidogo zaidi. Tena nikifika sitini kuna kikombe.

Ningeweza kufunga daftari hapo, mwanamke mwenye raha. Lakini jioni alichukua simu, akaenda nyuma ya tangi. Dakika thelathini na moja. Nilipomuuliza, akasema zahanati imempa msaidizi mpya, wa watu wanaoishi na walevi, ili asichoke kunivumilia. Ni mjane, anafuma masweta. Akasema hajapata kumsikia mtu msikivu kama yule. Kisha akatabasamu, akaomba chai.

Namba nimeinakili alipokuwa anaoga. Kesho asubuhi nampigia kwa laini ya wateja. Nitamwambia nina mume mlevi wa kupindukia.