Mbuzi wa Bwana Alio na Vipaji vya Darasa la Nane

Serikali, baada ya kufikiri tangu uhuru, iligundua kwamba watoto wa Kaskazini Mashariki wana vipaji. Habari hiyo ilitangazwa kwa kipaza sauti na Bwana Alio, ofisa wa elimu wa tarafa, katika kijiji kimoja cha kisima upande wa Griftu. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mwaka ambao mvua nayo ilitangazwa, isije.

"Kuanzia leo," alisema Bwana Alio, "kila mwanafunzi atajengwa juu ya uwezo wake wa asili! Huu ndio Mpango Shirikishi wa Utambuzi na Uendelezaji wa Vipaji!"

Watu wakapiga makofi. Mfugaji mmoja, Bare, hakupiga. Makofi yake yalikwisha siku mkewe, Fatumo, alipokata roho akingojea gari la hospitali. Gari lilikuwa Garissa, limewapeleka wakubwa kwenye semina ya kuokoa kina mama. Wanasema semina ilifana sana, na nyama haikupungua.

Fatumo alimwachia binti mmoja, Maka, wa darasa la nane. Maka alikuwa na kipaji hata kabla serikali haijakigundua. Akisikia sauti ya mtu mara moja, anaitoa vilevile, na mafua yake. Mwalimu Ruweyda alikuwa ameliona hilo zamani, bila semina. "Maka, tusomee historia kama mtangazaji wa redio," humwambia. "Haya, sasa jedwali la tisa kama dereva wa lori la maji aliyekwama mchangani." Darasa linavunjika mbavu, na kesho yake hakuna aliyesahau tisa mara saba. Maka mwenyewe akawa anaongoza. Neno la mwisho la mamake lilikuwa hilohilo: huyu asome, asome mpaka awe daktari, asingojee gari la mtu.

Kamati ya Utambuzi ilifanya kazi yake asubuhi moja, katikati ya chai na chakula cha mchana. Kwa bahati njema, vipaji vyote vya darasa la nane vilipatikana karibu na boma la Bwana Alio. Hanad, mwenye mabega, alikuwa na kipaji cha kuteka maji. Nasteha alikuwa na kipaji cha kukamua. Waliobaki walijaliwa mbuzi.

Maka alipewa cheo. Kwa wafugaji kila mtu ana mwito wake, na mbuzi hawamwitiki mwingine. Bwana Alio alikuwa na koo la ofisini, linachoka upesi. Basi Maka alimsikiliza jioni moja, akaubeba mwito wake mzima, hata kikohozi kinachoutangulia. Akaita, mbuzi wakarudi mbio. Tangu hapo Bwana Alio akalipumzisha koo lake kwa manufaa ya taifa.

Bare akaenda ofisini.

"Mkubwa, mtoto yangu hasomi. Anaita mbuzi yako."

"Mzee Bare, usiseme anaita mbuzi. Sema anaendelezwa."

"Na mtihani ya mwisho wa mwaka?"

"Mtihani ni wa wale ambao vipaji vyao havijajulikana. Hawa wetu wameshajulikana. Kuwatahini ni kuwavunjia heshima. Hawatafanya."

"Wallahi? Na watoto yako kule Nairobi, hao kipaji yao ni nini?"

Bwana Alio akashusha pumzi kwa huzuni. "Hao kamati haijawafikia. Kwa sasa wanasoma tu, maskini."

Mtihani ulipokaribia, mkubwa kutoka mkoani akaja kuuzindua mpango uliokuwa umeshazinduliwa. Kukawa na turubai, zulia, soda baridi, na shada la maua lililosafiri kutoka mbali kuliko mgeni. Bwana Alio ni mtu wa tahadhari. Aliamuru darasa la nane liwafiche mbuzi nyuma ya vichaka vya miiba mpaka mgeni aondoke, kisha akamwambia mgeni kwamba wanafunzi hao wako katika ziara ya kimasomo. Maka peke yake aliletwa mbele, awe ushahidi.

Maka akanguruma kama simba. Akavuma kama ndege ya miraa ikitua. Mgeni akapiga miayo.

"Simba namsikia redioni. Hamna kitu cha hapahapa?"

Bare akainuka katikati ya wazee.

"Maka, aabo, mtoto yangu. Ita vile mkubwa yetu anaita jioni."

"Hapana!" Bwana Alio akaruka. "Hiyo... hiyo bado iko katika majaribio."

"Alio, kaa," alisema mgeni. "Si ndio uwezo wa asili? Toa, binti."

Maka akamtazama baba yake. Kisha akafunga mikono nyuma, akatoa tumbo ambalo hana, akakohoa kikohozi cha ofisini.

"Hrrr-hoy! Hrrr-hoy-hoy! Njooni kwa baba!"

Vumbi likatimka nyuma ya vichaka. Mbuzi wakaingia chini ya turubai kama maji ya lagha, korongo kavu linapofurika ghafla, wakamwaga soda, na beberu mmoja akalifanyia shada la maua uzinduzi wa kweli. Nyuma yao likaja darasa la nane, fimbo mkononi, sare zimechanwa na miiba.

"Hawa ni nani?" mgeni akauliza.

Hanad akasimama wima, akajibu kama alivyofundishwa. "Ziara ya kimasomo, bwana mkubwa."

"Na mbuzi ni wa nani?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Mbuzi walikuwa wamemzunguka Bwana Alio, wakilamba mifuko yake, mahali anapoweka chumvi.

Bare alidhani mgeni atakasirika. Hakukasirika, alikuwa mtu wa sera.

"Alio," alisema kwa upole, "miaka yote hii tumekung'ang'aniza ofisi, kumbe kipaji chako kiko hapa. Mpango ni mpango. Nawe utajengwa juu ya uwezo wako wa asili."

Akahamishiwa kwenye mifugo ya serikali, ng'ambo ya Kotile, mbali kusini, bila gari. Mgeni naye aliondoka na mbuzi wawili, kwa uchunguzi zaidi.

Maka akarudi kwenye dawati lake, wenzake nao, na mtihani wakaufanya. Bwana Alio alihama na mbuzi wake waliosalia. Wapitao huko wanasema kila jioni anasimama juu ya kichuguu, anaita mpaka koo linakauka. Mbuzi humtazama kidogo, kisha hugeuza shingo kuelekea Griftu, aliko Maka, wakingoja waitwe na Bwana Alio mwenyewe.