Matofaa Tisa ya Angetile

Mwaya, Jumatatu, 6 Novemba 1911

Angetile,

Yamebaki tisa. Juzi yalikuwa kumi na manne. Matano nimeyaokota chini, mabichi, madogo kama ndimu changa. Nimeyapanga dirishani yamalizie kuiva. Hayataki.

Mti ni uleule ulioubeba kichwani kutoka misheni ya milimani, mizizi ukiwa umeifunga kwa kitambaa chako kibichi. Njia ya siku mbili, na hukukubali nikupokee. Ulisema tofaa la kwanza kuiva litaliwa siku atakapobatizwa mjukuu wetu wa kwanza. Amezaliwa! Msichana wa mwanetu Yotamu. Atapewa jina lako. Mchungaji anashuka tarehe 17 Desemba. Nahitaji tofaa moja. Moja tu!

Jirani yetu Eliud, yule wa milimao, amepita uani. Anadai mti unalilia baridi ya kwao, afadhali niuvalishe blanketi. Nimemjibu kwa upole. Moyoni sikuwa mpole.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimegundua dawa. Maji! Mitungi minne kila alfajiri. Nani hapa Mwaya amewahi kuona mmea ukidhuriwa na maji? Mpunga husimama ndani yake hadi magotini na haulalamiki.

Jioni nimerudi kutoka shambani, udongo chini ya mti bado umelowa chapachapa. Jua lote lile! Nina mkono wa baraka.

Yameanguka mawili. Upepo wa ziwani, bila shaka.

Nimekosa adabu pia. Nimeingia uani bila kukohoa, nikaona kisogo cha Tuntufye, mke wa Yotamu wetu, kikipotelea migombani. Mkwe na baba mkwe kuonana! Tumebatizwa, lakini mila hiyo hatujaiacha. Maskini, alikimbia na mtungi kichwani. Mchapakazi, binti huyu. Kila nikiona kisogo, kina mtungi.

Jumanne, 14 Novemba

Nimeongeza. Mitungi sita. Majani yamegeuka manjano: dalili njema, manjano ni rangi ya kuiva.

Yamebaki manne.

Eliud ameuliza kama nafuga kambale pale chini. Nimeendelea kusokota nyuzi za mgomba. Kila tofaa nimelifunga kwenye tawi lake, mafundo matatu matatu. Na lianguke sasa!

Jumatano, 15 Novemba

Ushindi! Asubuhi hakuna hata moja chini. Nimeusalimu mti kama ulivyokuwa ukifanya: ugonile. Nimemwita Eliud aje ajionee. Ameyatazama yakining'inia kwenye kamba, akauliza matofaa yangu yamehukumiwa kwa kosa gani.

Ni kweli, matatu yameachana na matawi. Lakini hayajaachana na mimi.

La nne limeshika kwa kikonyo chake. Nimesimama juu ya kinu kilichofudikizwa ili nilizidishie fundo. Kinu kimeteleza kwenye matope. Mguu umevimba kama papai. Nimeanguka mimi, tofaa halikuanguka. Andika hivyo huko uliko.

Jumapili, 3 Desemba

Siku kumi na nane kitandani. Sikuweza kubeba hata kata moja ya maji. Nimeulilia mti ule, Angetile. Nilifikiri nimekupoteza mara ya pili.

Leo nimetoka na fimbo. Lipo! Shavu moja jekundu! Majani kijani kibichi! Kamba zangu!

Yotamu amerudi kutoka Lyulilo na mtumbwi wa vyungu. Amekaa chini, akatazama miguu yake, akasema, baba, usikasirike, nimetumwa. Kumbe mkewe amekuwa akimwagilia mti mitungi miwili kila mchana nikiwa shambani. Wewe ndiwe uliyemwachia kazi hiyo, ulipokuwa mgonjwa. Alikuwa akiukuta umekwisha kulowa, akadhani ni umande. Hawezi kuja nilipo aniulize, nami siwezi kwenda alipo. Sasa ananisihi nisiongeze maji yangu, maana mti ulikuwa unazama, na umepona nilipolala.

Nimemwambia amshukuru sana mkewe. Nimemweleza pia, taratibu, kwamba mambo ya kamba si rahisi kwa vijana.

Jumapili, 17 Desemba

Angetile amebatizwa Angetile. Amepiga kelele ukumbi mzima. Sauti yako kabisa.

Nimelikata tofaa kwa kisu chako cha ndizi. Kubwa kama yai la kuku! Mchungaji ametafuna kipande chake, akafumba macho kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anasali. Mtoto amelamba, akakunja uso wote. Eliud ameomba kipande cha pili, akakila hadi mwisho, machozi yakimtoka, akasema limao lake halijawahi kufika huko. Amekiri mwenyewe!

Kipande cha Tuntufye nimekiweka juu ya jani la mgomba, njiani. Nikakohoa, nikaondoka. Niliporudi jani lilikuwa tupu, ila mbegu tatu, zimeoshwa, zimepangwa mstari mmoja. Kutoka migombani nikasikia sauti ndogo ikishukuru: ndaga fijo. Sikugeuka. Nilishindwa kuona njia kwa kitambo.

Kesho nazipanda. Nimeshachagua mahali: katikati ya kitalu cha mpunga, palipo na maji mengi kuliko kote. Na mti wako nitauzungushia tuta nijaze maji hadi pomoni. Kamba nimekwisha kusokota.

Unikumbuke, mke wangu.

Ezekia