Ombi la Amri ya Kusahau kwa Wanawake wa Jikoni, Skuli ya Chilungulu

Skuli ya Chilungulu,
mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni ya Dodoma,
9 Machi 1912

Kwa Bwana Mkaguzi wa Skuli za Serikali,

Bwana Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima. Wanafunzi wote wanakusalimu, isipokuwa watatu waliokwenda kuinga ndege mashambani. Mimi ni mwalimu wako Mustapha bin Zaidi, uliyenileta hapa kutoka Pangani miaka sita iliyopita. Sijawahi kukusumbua. Leo nakusumbua kwa ajili ya wanawake sita wa jikoni, ambao naomba serikali iwaamuru wasahau. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka jana uliagiza kila skuli iandike historia yake, ikatunzwe Daressalaam isije ikapotea. Niliandika kurasa kumi na moja kwa hati nzuri. Ukurasa wa kwanza ulieleza kuzaliwa kwangu. Wa pili hadi wa kumi ulieleza juhudi zangu. Wa mwisho ulitaja mvua. Mwanamke hakutajwa popote, wala si kwa ubaya, ila nafasi ilikwisha. Nikazifungia kurasa hizo sandukuni. Nilipofungua mwezi uliopita, mchwa walikuwa wamekula zote, wakabakiza mvua.

2. Hapo ndipo nilipogundua kuwa skuli ina historia nyingine, na hiyo mchwa hawaifikii. Wanawake hawa husaga uwele wa wanafunzi kila asubuhi, na wakisaga huimba. Nilidhani wanaimba mambo ya harusi. Kumbe wanaiimba skuli, mwaka kwa mwaka, na mwanamke mgeni hapewi jiwe la kusagia mpaka aushike wimbo wote bila kukosea. Aliyeuanzisha ni Bi Tabu, mpishi wetu, mtu mzima kutoka Kondoa. Kwa sababu hiyo unaanza na yeye akikanda udongo wa kuta za darasa, naye ana mimba ya miezi minane. Ni kweli alikanda. Lakini, Bwana Mkubwa, historia ya skuli ya serikali haiwezi kuanza na udongo.

3. Mengine yaliyomo: kwamba mwezi wa kwanza nilifundishia ndani ya zizi la mbuzi la Bi Tabu kwa kuogopa fisi, na mlangoni alikaa yeye na mchi wake. Kwamba Anyesi, mchota maji, alikuwa akitua mtungi chini ya dirisha kupumzika, akajua kusoma kabla ya yeyote aliyekaa ndani. Kwamba nilipougua homa wiki tano aliyefundisha ni Anyesi, na wanafunzi wakaelewa kugawanya. Kwamba nilianguka kutoka kwenye punda.

4. Niliwaita, nikawaambia waache. Bi Tabu alinisikiliza kwa adabu, akaniongezea uji. Anyesi ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, tafuta palipo na uongo utuonyeshe, tutapatoa leo leo."

Nilitafuta wiki mbili nzima. Kosa nililopata ni moja. Wanaimba kwamba nilianguka kutoka kwenye punda mara moja, nami nilianguka mara mbili. Sikuona faida ya kuwasahihisha.

5. Alipokuja msaidizi wako kutukagua, aliwauliza wanafunzi historia ya skuli yao. Kiranja Methusela, mtu mwenye ndevu na watoto wawili, alisimama akaimba, na darasa zima likaitikia. Msaidizi wako aliandika mpaka wino ukamwishia. Kisha akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye yule wa zizini. Nilisema siye.

Kwa hiyo naomba amri itolewe. Kila Jumanne wanawake hawa wasahau mwaka mmoja, mbele yangu na mbele ya shahidi. Kwa kuwa mtu anaweza kudai amesahau kumbe anakumbuka, naomba aletwe daktari awapime. Na kwa kuwa daktari hawezi kupima asichokijua, itabidi kwanza wimbo wote uandikwe, nakala tatu, na zitunzwe mahali salama pasipo mchwa. Naona Daressalaam panafaa.

Mfikishie salamu bibi wa nyumbani kwako, na makarani wote, na yule msaidizi. Mwambie kofia aliyoiacha hapa ipo, Bi Tabu ameifua.

Ni mimi, mtumishi wako asiyechoka,
Mwalimu Mustapha bin Zaidi

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, imefika yako inayotaka majibu kwa treni ya Jumamosi: skuli ilifunguliwa siku gani, nani alitoa kiwanja, na nani alikuwa wa kwanza kujua kusoma. Siku mimi siikumbuki. Nimekwenda jikoni kuuliza. Bi Tabu amesema wimbo huu hausikilizwi na mtu aliyekaa mikono mitupu, akanipa jiwe. Nimesaga tangu asubuhi na tumefika mwaka wa nne. Kiwanja kilikuwa chake. Majibu mengine ameyaandika Anyesi kwenye karatasi ya pili, kwa kuwa viganja vyangu vimevimba. Naomba usilinganishe hati zetu. Amri ile usiitoe kwanza. Mchana huu wameongeza mstari mpya, kwamba mwalimu naye alisaga, na huo nisingependa usahauliwe.